Mwaka wa Watu wa Pili

Siku ya pili ya kilio cha Chef Mukendi, mwalimu mmoja kijana wa idara yetu aliniinamia sikioni akaniuliza, "Mama Thérèse, ule papa alifanyaka kazi gani kwetu?" Tulikuwa tumekaa chini ya turubai la bluu, kwenye viti vya plastiki vya kukodi, kila mtu na kikombe chake cha munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, mkononi. Wanawake walikuwa wakiimba ndani, ambako mjane, Mama Julienne, alikaa mkekani kichwa kimefungwa kitambaa. Sikumkasirikia kijana yule. Amefika kwetu juzi juzi tu, na kumheshimu marehemu alikuwa anamheshimu, maana alivaa koti kwenye joto lile. Nikamjibu, "Alikuwa chef yetu, mkuu wa idara." Akatikisa kichwa kwa adabu, akanywa munkoyo wake. Baadaye familia iliomba idara iseme neno, na macho yote yakanigeukia mimi kwa sababu ndimi ninayeiongoza sasa. Nilisimama, nikasema tumempoteza mzee mwema na tunaishukuru familia, nikakaa. Mimi huyu, ambaye wanafunzi hunitania kwamba nikianza somo asubuhi afadhali waje na chakula cha mchana! Maneno niliyoyaacha siku ile ndiyo haya ninayoandika.

Ulikuwa mwaka ambao mvua ilikawia sana, maji ya mto Lufira yakapungua, na umeme wa kutoka mabwawa ya Mwadingusha na Koni ukawa unatufikia kwa zamu, mtaa huu leo, mtaa ule kesho. Nilikuwa mwalimu msaidizi katika idara ya kemia ya chuo chetu hapa Likasi, mgeni wa kazi, bado nina kiuno. Idara yenyewe ilikuwa korido moja tu ndani ya jengo la zamani la matofali mekundu: maabara, darasa, chumba cha sekretari, na ofisi ya Chef, yenye benchi refu la mbao mlangoni kwa ajili ya wageni. Walimu wengi walikuja kutoka Lubumbashi, wakafundisha, wakarudi na gari la jioni. Wa kila siku tulikuwa wachache. Alikuwapo Mama Odette, sekretari, aliyekuwa na sauti ya kusikika hadi barabarani. Alikuwapo Papa Kasongo, fundi wa maabara, aliyezungumza na mizani yake kuliko na watu. Nilikuwapo mimi, na juu yetu Chef Mukendi, mrefu, mtoto wa watu wa Kasai, na blouse yake nyeupe ya maabara iliyopigwa pasi hata katika wiki ambazo mji mzima haukuwa na umeme. Mpaka leo sijui Mama Julienne alikuwa anaipigaje pasi hiyo. Nadhani ni kwa makaa.

Mwanzoni mwa mwaka ule wa masomo Chef alituita darasani, akachukua chaki, akagawa ubao sehemu tatu: kazi, wa kwanza, wa pili. Akageuka na kutuangalia mmoja mmoja. "Minye naomba kila muntu aseme kitu moja tu," alisema. "Ile kazi yako, kama unaiacha leo, mwanafunzi gani atalia?" Mama Odette hakumngoja hata apumue. "Chef, minye nikiacha kazi, mweye njo mutalia wa kwanza." Tulicheka, naye akacheka, lakini hakuweka chaki chini. Tulimtajia kila kitu tulichokuwa tunafanya, naye akaandika, kisha akafuta kimoja kimoja: ripoti, vikao, kupokea wageni, barua za salamu. "Hii ikikufa hakuna muntu atalia," alisema, na mkono wake unafuta. Yalibaki mambo machache. Alama za wanafunzi. Mazoezi ya maabara. Dawa za kemia ambazo zikiharibika hazipatikani tena kwa urahisi. Na soutenance, siku ambayo mwanafunzi wa mwaka wa mwisho anatetea kazi yake mbele ya jury, jopo la walimu. Mbele ya kila kazi aliandika jina la anayeifanya, na pembeni jina la mtu wa pili, ambaye angejifunza kazi hiyo mpaka aweze kuishika mwenyewe wa kwanza asipokuwapo.

Majina yalikwenda vizuri mpaka tulipofika kwenye mstari wake. Kuongoza jury na kutia sahihi ya mkuu wa idara: wa kwanza, Mukendi. Wa pili? Akatungoja. Papa Kasongo alianza kuchunguza kucha zake. Mimi niliangalia dirishani. Mwishowe Mama Odette akasema, kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo, "Chef, hapo tuache. Muntu bado iko muzima, anatembea, tunamuandikia mwenye kukamata kiti yake? Ile ni kumuchimbia kaburi." Chef akasema, "Mama Odette, ni plan. Ni plan tu." Naye Papa Kasongo, bila kuinua macho: "Na kama kesho munapata homa, bantu batasema ni nani alikuloga? Ule jina yake iko pa ubao." Hakuna aliyekuwa anatania. Kwetu mambo hayo hayasemwi kwa mchezo, na yeyote ambaye jina lake lingeandikwa pale angelibeba mjini kote. Chef aligeukia ubao na chaki yake. Mimi niliona kwamba amekasirika, na niliona pia kwamba ameguswa, kwa sababu alipogeuka alikuwa anatabasamu upande mmoja. "Bon," alisema. "Minye nitabakia peke yangu." Mstari ule ukabaki wazi.

Sababu ya kung'ang'ania mpango ule alitueleza siku nyingine, wakati wa kula. Mwaka ule tulikula pamoja karibu kila siku, nyuma ya maabara, kwa kuwa hakuna aliyeweza kupasha chakula ndani. Mama Odette alileta babula, jiko lake la makaa, na kila mtu alileta alichonacho, bukari ya unga wa mahindi, sombe ya majani ya muhogo, samaki wadogo waliokaushwa, mara nyingine kikanda, mkate wa mizizi na karanga, ambacho Papa Kasongo alikuwa anakikata vipande sawasawa kabisa, tukimwambia apime kwa mizani. Chef alikula amesimama. Akatusimulia mwaka ambao watu wake, walipofukuzwa mkoani kwetu, walikaa kituoni na magodoro na masufuria yao wakingoja treni ya kuwarudisha Kasai ambako wengi wao hawakuwahi kufika. Yeye alifichwa na mama mmoja jirani, wa kabila la Wabemba, aliyewaambia watu ni mukwe wake. Mwalimu mwenzake ambaye peke yake ndiye aliyekuwa anajua alama za wanafunzi na kushika maabara alipanda. "Kazi ilipanda mu treni pamoja na ye," Chef alisema. "Batoto babakia kuangalia njia. Mwaka yao ikakufa pale." Akala tonge moja la bukari, akatafuna polepole. "Bantu banaweza kwenda. Mvua inaweza kukosa. Lakini kazi, hapana. Kazi ibakie." Mama Odette akamwongezea sombe.

Kila Ijumaa basi ilikuwa siku ya watu wa pili. Wa kwanza alikunja mikono, wa pili akafanya kazi, na kusaidia kulikatazwa. Nikikumbuka Ijumaa zile nacheka peke yangu hata sasa. Mama Odette alivaa glavu za maabara, akamimina asidi huku akiwaita watakatifu wote wa kanisa letu, na wanafunzi wa mwaka wa kwanza walijipanga ukutani mbali kabisa. Papa Kasongo alikaa kwenye mashine ya kuandika akitumia kidole kimoja kila mkono. "Mama Odette, ile Q wanaifichaka wapi?" Yeye, mikono imekunjwa, anaungua kwa hamu ya kumwonyesha: "Nilisha katazwa kusema. Tafuta." Mimi nilijifunza kuandaa vikao vya jury, kupanga vyumba, kusoma alama. Umeme ulipokuja ghafla sote tulikimbilia mashine, sahani zikabaki kwa nzi. Tulikuwa na furaha. Nasema hivyo wazi kwa sababu mwaka ule watu wanauhesabu kuwa mbaya, nao ulikuwa mbaya, lakini sijawahi tena kufanya kazi na watu niliowapenda vile.

Miongoni mwa wanafunzi wa mwaka wa mwisho alikuwapo Solange, msichana mkimya aliyekuwa anapima maji ya visima vya vijiji vilivyo njia ya Shinkolobwe. Mama yake alikuwa anauza makaa sokoni Kikula, na alikuwa amesema mbele yetu sote, alipomsindikiza mtoto kujiandikisha, kwamba huo ndio mwaka wa mwisho anaouweza, mabega yamechoka. Kwa hiyo walimu walipoanza mgomo katikati ya mwaka, wa kwanza kuja kuuliza alikuwa Solange. Idara nyingine zilifunga milango. Yetu ilitembea kwa kuchechemea, lakini ilitembea: waliogoma waligoma, watu wao wa pili wakashika yale machache yasiyoweza kungoja, na waliogoma hawakutuita wasaliti kwa kuwa wenyewe ndio waliotufundisha. Papa Kasongo alikwenda kumzika kaka yake, akakaa huko muda, na dawa zake hazikuharibika. Chef alikuwa anatembea koridoni mikono nyuma, akichungulia kila mlango, na nilimsikia akijiimbia. Mgomo uliisha, na tarehe za soutenance zikabandikwa.

Asubuhi moja wiki hiyo hiyo alianguka mlangoni mwa ofisi yake, akiwa na ufunguo mkononi. Upande wote wa kulia ulikufa, na maneno yakaenda pamoja nao. Tulimbeba kwenye benchi la wageni mpaka kwenye gari. Siku zilizofuata hatukujua tufanye nini na mikono yetu. Uongozi wa chuo ulituma ujumbe kwamba bila mkuu wa idara au mtu wake wa pili aliyeandikwa hakuna jury, na bila jury kabla ya mwaka kufungwa, mwaka wa wale watoto utahesabiwa umekufa. Année blanche. Ubao ule wa mpango tulikuwa tumeutenga, hatujawahi kuufuta. Majina yote yalikuwapo, na mstari mmoja uko wazi. Chaki ilikuwapo, na sote tulijua kwamba ni kuandika jina moja tu. "Minye siandike," alisema Mama Odette, akalia. "Mukono yangu haitaandika. Akiamka ataandika ye mwenyewe." Wanafunzi walikaa kwenye ngazi tangu asubuhi na mafaili yao magotini. Hawakupiga kelele. Mama yake Solange alikuja na kitambaa cheusi cha makaa bado kichwani, akatuangalia, akaondoka.

Nilimpelekea Chef uji hospitalini. Alikuwa amekonda kwa siku zile chache, na jicho lake la kulia lilikuwa linatoa machozi peke yake. Neno la kwanza aliloweza kuniambia, kwa taabu, lilikuwa, "Soutenance?" Nikasema, "Tunamungojea Papa apone." Alifumba macho. Nilidhani amelala. "Bananingojea minye? Juu ya nini?" Nikamwambia kwamba pembeni ya jina lake hakuna mtu wa pili. Akanyanyua mkono wa kushoto, ule uliobaki, akanielekezea kidole. "Weye." Nikaanza kulia pale pale. "Hapana, Papa. Bantu batasema nilikuwa nangojea muanguke." Alipumua, akakusanya maneno yake moja moja. "Baseme. Batoto banangoja." Nilikataa tena. Nilimpenda mzee yule, na kukaa kwenye kiti chake niliona ni sawa na kumfunika shuka usoni.

Aliyetutoa pale ni Mama Julienne, ambaye muda wote alikuwa anakunja nguo kwenye kona. "Kwetu, muntu akikufa," alisema, "banakamata nguo yake, banamuvalisha ule anakamata nafasi yake, bantu bote banaona. Njo mambo inakwisha, hakuna wa kusema kitu. Bon. Bwana yangu hakufa. Atamuvalisha ye mwenyewe." Kesho yake asubuhi akawaita Mama Odette na Papa Kasongo wawe mashahidi, akaleta blouse nyeupe, imepigwa pasi. Nilipiga magoti kando ya kitanda. Chef alijaribu kunivalisha kwa mkono mmoja. Mkono wa nguo ulimtoka, akaokota, ukamtoka tena, na Mama Julienne alipotaka kumsaidia alikataa kwa kichwa. Ilichukua muda mrefu. Blouse ilinifika karibu na vifundo vya miguu, na mikono yake ilinibidi kuikunja mara kadhaa. Papa Kasongo alisema, "Tumeona." Mama Odette alifuta uso, akarudi chuoni, akapanda kiti na kuandika jina langu ubaoni kwa mkono uleule.

Wale watoto walitetea wote. Umeme haukuwapo, tukasogeza meza ya jury dirishani, na Solange alichora visima vyake kwa chaki, akielezea maji yale kwa sauti iliyotetemeka mwanzoni na baadaye ikasahau kutetemeka. Nikatangaza kwamba amefaulu, nimevaa blouse ya mtu mwingine. Nje walirushiana poda nyeupe, kama desturi ilivyo, mpaka mama yake Solange na makaa yake akawa mweupe kuliko wote. Wakaenda hivyo hivyo hospitalini kwa miguu, mji mzima unawaangalia, wakampaka Chef poda kwenye shavu. Alicheka kwa nusu ya uso, na nusu nyingine ililia.

Laiti kumbukumbu ingekubali kuishia hapo. Alirudi. Baada ya miezi, asubuhi moja, tulisikia fimbo koridoni, na sote tulitoka mbio kumpokea. Mama Odette alipiga vigelegele. Tulimweka kwenye benchi la wageni apumzike, tukamletea chai, tukamsimulia. Halafu wanafunzi wakaja na shida zao, simu ikalia, Papa Kasongo akaniita maabara, na nilipotoka tena chai yake ilikuwa imepoa na yeye alikuwa anatuangalia tunavyopita. Wiki iliyofuata alikuja tena, na iliyofuata, kila mara Ijumaa. "Leo ni vendredi," alisema siku moja. "Minye ni wa pili wa nani?" Tulicheka sana. Yeye pia alicheka, lakini hakuacha kuniangalia usoni, na niligundua kwamba alikuwa anauliza. Uongozi ulikuwa umekwisha nithibitisha kwenye kiti, mdomo wake haukuweza tena kufundisha, na kila kazi ilikuwa na wa kwanza wake na wa pili wake, kama alivyotaka. Tulitafuta tumpe nini, kwa kweli tulitafuta. Hakukuwa na pengo hata moja. Baada ya muda akawa anakuja Ijumaa moja moja, kisha hakuja.

Niliendelea kumtembelea nyumbani kwake, miaka yote ile, mpaka mwaka huu. Mama Julienne alitupikia, tulikula, alinitania kwamba nimenenepa na blouse sasa inanitosha. Mara moja tu tulizungumza juu ya mambo yale. Tulikuwa tumemaliza kula, ananawa mkono wake mmoja kwenye beseni nililomshikia. "Kazi haikusimama," alisema. Nikasema, "Haikusimama, Papa. Hata siku moja." "Ni muzuri." Aliendelea kunawa, ingawa mkono ulikuwa safi. "Minye nilizania itasimama kidogo." Nilimpa taulo. Nilitaka kumwambia kitu, na nikaongea juu ya mvua.

Sasa Solange ni mwalimu katika idara yetu, na ndiye mtu wangu wa pili. Siku hizi jina linaandikwa mchana kweupe na hakuna anayeogopa, na nadhani hiyo nayo ni kazi ya mzee. Maziko yalipangwa Ijumaa, siku ya mitihani. Solange alinifuata ofisini siku iliyotangulia, amekwisha panga kila kitu. "Mama Thérèse, mweye muende ku maziko. Minye nabakia. Tuko na plan." Nikamwambia, "Hapana. Tunafunga." Hakunielewa. "Tunafunga nini?" "Byote. Mtihani tutafanya lundi, wiki inakuja. Maabara, secrétariat, mulango ya chini. Hakuna wa kwanza, hakuna wa pili." Akaenda kuwaambia wengine, na nilipomsikia koridoni sauti yake ilikuwa imeharibika.

Asubuhi ya Ijumaa nilifunga korido kwa mkono wangu. Niliisikiliza kidogo kabla ya kuondoka: hakuna kiti kilichoburutwa, hakuna aliyeniita. Tulikuwa tayari makaburini, wanaume wanashusha jeneza, wakati simu yangu ilipotetemeka. Ni kijana wa ofisi ya uongozi, amekuta mlango umefungwa, wanafunzi wako nje. "Mama Chef, ni nani anakamata kazi leo?" Mama Julienne alikuwa amenishika mkono, na alisikia swali. Nikamjibu kwa sauti, ili asikie na jibu.

"Hakuna muntu," nilisema. "Chef amekufa. Kazi imesimama."